Muvi za kuimba kwa wasiopenda muvi za kuimba: nimezijaribu kwenye kiti cha kinyozi

Mteja wangu mmoja, dereva wa lori la kwenda Rwanda, aliniinukia kitini nikiwa nimemnyoa nusu ya kichwa. Upande wa kulia nimeshamaliza, wa kushoto bado msitu. Mashine haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la tivii. Nilikuwa nimeweka La La Land, ile ya 2016, ambayo inaanza na foleni ya magari kwenye barabara ya juu kule Los Angeles. Jua kali, magari yamesimama, honi. Jamaa akatabasamu kwenye kioo, maana foleni ni kitu anachokijua. Mara binti mmoja akashuka kwenye gari lake akiimba. Akafuata mwingine. Haikupita muda barabara nzima iko juu ya magari inacheza.

"Kinyozi," akasema, "mimi foleni ya Kimara nimeila miaka kumi na nne. Watu wanashuka kwenye magari kutukanana. Hakuna aliyewahi kushuka akaimba. Zima, au naondoka hivihivi."

Nikazima. Nikamwekea mpira wa marudio, akakaa, nikamalizia upande wa kushoto. Ila maneno yake yalinikaa kichwani wiki nzima, kwa sababu mimi muvi za kuimba nazipenda tangu nikiwa mtoto Kondoa, na nilijua jamaa hakukosea.

Saluni yangu ipo Nkuhungu, hapa Dodoma mjini. Viti viwili, kioo kimoja kirefu, feni, benchi la wanaosubiri, na tivii ya inchi 43 juu ya mlango. Wateja ni mchanganyiko: bodaboda, wanachuo, watumishi wa serikali wanaoshuka na mabasi kutoka Mtumba jioni, mafundi wa gereji ya jirani, wazee wangu wa Jumamosi. Karibu wote wana wimbo mmoja kuhusu muvi za kuimba: "Ilikuwa nzuri, sema wakaanza kuimba." Nacheka, maana tuko Ugogoni, alikozaliwa marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, ambako wanawake wakishika ngoma za muheme hata mtoto wa mgongoni anajua kuna jambo. Watu wa namna hii ndio wanaoniambia hawaelewi mtu anaimbaje katikati ya mambo yake.

Basi kuanzia kiangazi kilichopita hadi mvua zilipokatika nikafanya majaribio. Mteja wa kunyoa tu yuko kitini dakika 25. Akitaka na kuchonga ndevu na skrabu, 45. Huo ndio muda muvi inao wa kumkamata. Hapa chini nimeandika zilizoshinda, zilizonitia aibu, na kwa nini.

Kwanza niseme kitu ambacho kinyozi yeyote anakijua. Ukiiweka mashine ya baridi moja kwa moja kwenye kisogo cha mtu, atashtuka, hata awe mwanajeshi. Unatanguliza mkono. Unamgusa bega, unamgeuza kichwa taratibu, halafu ndiyo mashine. La La Land ni muvi nzuri, ila inakuwekea mashine kisogoni dakika ya kwanza. Wanaozichukia muvi hizi wengi hawachukii nyimbo. Wanachukia kushtukizwa. Kwa hiyo anayeanza mpe muvi inayotanguliza mkono.

Chicago, ya 2002, inatanguliza mkono vizuri kuliko zote nilizojaribu. Ni habari ya Roxie Hart, mwanamke aliyempiga risasi hawara yake miaka ya ishirini huko Marekani, akatupwa jela, akakuta kumbe kuua kunaweza kukufanya uwe staa ukipata wakili mjanja. Nyimbo karibu zote zinatokea kichwani mwa Roxie. Anamwona mlinzi wa jela, mara kichwani mwake mlinzi yuko jukwaani na taa. Kwa hiyo hakuna anayeuliza "hawa wanaimba kwa nini", maana jibu liko wazi: huyu dada anaota mchana. Muvi hii ilichukua Oscar ya filamu bora, na ilikuwa imepita zaidi ya miaka thelathini tangu muvi ya kuimba iipate. Na mambo yenyewe hayakutungwa hewani. Mwandishi wa habari mmoja wa kike, Maurine Dallas Watkins, aliripoti kesi za wanawake wauaji mjini Chicago mwaka 1924, kisha akaziandikia mchezo wa jukwaani.

Nina mteja ambaye ni afisa habari wa wizara moja. Sitaitaja, nampenda aendelee kula mshahara. Huyo alikuwa wa kwanza kuning'ang'ania kwamba muvi za kuimba ni za watoto. Nikamwekea Chicago pale wakili anapomkalisha Roxie mbele ya waandishi wa habari. Ghafla Roxie amekuwa mwanasesere kwenye paja la wakili. Mdomo wake unafunguka na kufunga, lakini sauti ni ya wakili. Waandishi nao wamefungwa kamba mikononi, wanachezeshwa kutoka juu, wanaandika kile kile wanacholishwa. Afisa habari alikuwa na povu la kunyolea shavu zima. Akacheka mpaka nikaondoa wembe kwa usalama. "Rudisha," akasema. Nikarudisha. "Rudisha tena." Mara ya tatu hakucheka, alikuwa anaangalia tu.

Halafu kuna wale wanawake sita wa gerezani, kila mmoja anaeleza kwa wimbo alivyomuua mwanamume wake, na mmoja anasema mume aliingia mwenyewe kwenye kisu chake, mara kumi. Benchi lote lilivunjika mbavu. Mmoja kati ya wale sita ni mgeni kutoka Hungaria, Kiingereza hakipandi, anachokijua ni kusema hana hatia. Huyo ndiye anayekuja kunyongwa. Hapo benchi lilinyamaza, na dada anayesuka nywele mlango wa pili, ambaye huwa anachungulia tu, akaingia ndani kabisa akakaa. Tahadhari moja: mavazi ni ya kujiachia mno. Nilikuwa naisimamisha kila mzazi akiingia na mtoto, na Jumamosi hiyo walikuja wazazi wengi.

Kwa bodaboda, usihangaike, wape The Blues Brothers ya 1980. Ndugu wawili waliovaa suti nyeusi na miwani meusi, wanatafuta dola 5,000 kulipia kodi ya kituo cha yatima walikokulia, na kila polisi wa Illinois yuko nyuma yao. Magari yanavunjwa kama vikombe. Wanapita na gari ndani ya jengo la maduka, vioo vinaporomoka, huku wakisifia maduka. Nyimbo zinapenya katikati ya fujo bila mtu kugundua: James Brown ni mchungaji, Ray Charles anauza vyombo vya muziki, na Aretha Franklin ana mgahawa wa chakula, amevaa ndala na aproni, anamwambia mumewe afikirie vizuri kabla ya kuondoka kwenda kwenye bendi. Anamwambia kwa kuimba, na mume anaondoka vilevile. Vijana wangu walisema hiyo si muvi ya kuimba, ni ya magari. Sikubishana. Wameiangalia mara nne.

Once ni kinyume kabisa, na nusura niiache nje ya orodha. Ya 2007, imepigwa Dublin kwa siku 17 tu, kwa pesa kidogo sana. Jamaa anapiga gitaa barabarani, mchana anamsaidia baba yake kutengeneza mashine za kufagilia zulia. Dada wa kutoka Jamhuri ya Czech ana mashine kama hiyo, imeharibika, anaikokota barabarani kama mbwa. Majina yao hutajiwi mpaka mwisho. Hakuna anayecheza dansi. Wanaimba kwa sababu ni wanamuziki, kama vile mimi ninavyonyoa. Bodaboda walilala. Nasema kweli, mmoja alikoroma. Lakini kuna kijana mtulivu anayerekebisha redio na simu pale sokoni Sabasaba, hana maneno, alikuja kunyolewa nikiwa nimeiweka na akakaa mpaka mwisho.

Kilichomshika ni hiki. Yule dada amepewa wimbo kwenye kisidii ili autungie maneno. Usiku betri zinaisha. Hana pesa. Anachukua kibubu cha mtoto wake, anatoa sarafu, anatoka na nguo za kulalia mpaka dukani, ananunua betri, anazitumbukiza, anarudi nyumbani huku anauimba huo wimbo, spika za masikioni, peke yake barabarani. Kamera inamfuata tu. Fundi wa redio akasema polepole, "Sisi betri tulikuwa tunazianika juani zipate nguvu." Nikamwambia kwetu Kondoa tulizing'ata. Tukaendelea kuangalia. Ukiwa na mtu anayesema muvi za kuimba ni za uongo, mpe hii, lakini mpe akiwa peke yake, na asiwe amechoka.

Sarafina! sikuitangaza. Niliiweka tu. Watu wa rika langu waliiona kwenye vibanda vya video wakiwa shule ya msingi, wanaijua, nyimbo zake wanaziimba, na hawajawahi kuiita muvi ya kuimba! Ni ya 1992, inahusu wanafunzi wa Soweto waliogoma kulazimishwa kusoma kwa Kiafrikana, yale ya Juni 16, 1976. Leleti Khumalo ndiye Sarafina, Whoopi Goldberg ni mwalimu wao, na Miriam Makeba ni mama yake Sarafina, mtumishi wa ndani kwenye nyumba ya wazungu.

Jumamosi hiyo mzee wangu mmoja alikuwa kitini, mstaafu, mwenyeji wa Kongwa. Nilimwamkia, nikamfunga kitambaa, nikaanza. Wanafunzi kwenye tivii wakaanza kuimba wakikimbia mguu sawa vumbini. Mzee akaniinulia kidole nisimame.

"Hawa," akasema, "nimewasikia."

Kongwa ilikuwa na kambi ya wapigania uhuru kuanzia 1964. ANC walikuwepo, FRELIMO, SWAPO na MPLA nao. Mzee alikuwa mtoto wa miaka minane hivi, anachunga mbuzi, na asubuhi walikuwa wanasikia wale vijana wa Kusini wakipita mbio wanaimba, sauti zimegawanyika, za chini na za juu, bila ngoma. Watoto walikariri bila kujua maana. Akajaribu kuimba kidogo hapo hapo, akasahau katikati, akacheka. "Mimi muvi siangalii," akasema. "Lakini hao hawaigizi." Nilimnyoa bure siku hiyo, ingawa kwa kweli huwa namnyoa bure.

Muvi yenyewe ina mapungufu. Kuna sehemu nyimbo na mateso ya gerezani vinagongana, hujui upige makofi au ufumbe macho. Lakini hakuna mteja hata mmoja aliyeniambia zima.

Sasa nije kwenye Lagaan, ambayo ndiyo hasa imenifanya niandike.

Muvi zangu najaziwa na dogo mmoja mwenye laibrari ya muvi, shilingi 500 kila moja, unampa flashi unaenda kunywa chai ukirudi tayari. Nilimwomba Lagaan. Akanijazia ile iliyotafsiriwa, yenye DJ anayesimulia juu kwa Kiswahili. Sina ubaya na madj, wanafanya kazi kubwa, na huyu alikuwa anachekesha. Lakini alikuwa amezikata nyimbo zote. Muvi yenye saa 3 na dakika 44 ilikuja imenyolewa.

Wateja waliifurahia. "Hii ndiyo muvi ya Kihindi," dereva wa lori akasema, yule yule wa foleni, alikuwa amerudi safari. "Haina makelele." Kisa ni hiki: mwaka 1893, kijiji cha Champaner huko India, wakulima wanalipa kodi ya nafaka. Mvua haba, na kapteni wa Kiingereza anaitaka mara mbili. Kijana mmoja, Bhuvan, Aamir Khan huyo, anabishana naye, na kapteni anaweka dau: mkitufunga kriketi mmesamehewa kodi miaka mitatu, mkifungwa mnalipa mara tatu. Hakuna mwanakijiji aliyewahi kushika gongo la kriketi. Bhuvan anakubali.

Hapo saluni nzima ilimgeuka Bhuvan. Dereva ndiye alikuwa mkali zaidi. "Huyu kijana ana kichaa. Kodi mara tatu? Anawauza wenzake kwa sababu ya ubishi?" Kila aliyeingia akaelezwa upumbavu wa Bhuvan. Mimi nikawa najiuliza, mbona nilipoiona zamani sikumwona mpumbavu? Nilimwonea huruma. Muvi ni ile ile. Mwigizaji ni yule yule.

Nikarudi kwa dogo, nikamwambia nataka nzima, ya Kihindi, na maandishi yake ya Kiingereza chini. Ikamchukua siku tatu kuipata. Nikaiweka Jumatatu, siku ambayo kazi ni chache, mwishoni mwa Novemba. Anayeishi hapa anajua mwisho wa Novemba ulivyo. Dodoma tuna msimu mmoja tu wa mvua, Desemba mpaka Aprili, na kabla ya hapo kuna zile wiki ambazo mashamba yameshasafishwa, mbegu ya uwele ipo ndani ya gunia, na watu wazima wanatembea wakitazama juu kama waliodondosha kitu mbinguni.

Mapema kwenye muvi wanakijiji wanasikia ngurumo. Wanatoka nje. Wingu zito linakuja. Kuna bubu mmoja mwenye ngoma, anaanza kupiga. Wanaanza kuimba, na muziki huo ni wa A.R. Rahman, umejengwa kwa ngoma na ngurumo mpaka huwezi kutofautisha. Wazee wanacheza. Wanawake wanazungusha sketi. Kila uso umeinuka, mikono imeinuka, vumbi liko miguuni. Wimbo ni mrefu. Unakwenda, unakwenda, na wewe unasubiri tone la kwanza pamoja nao.

Halafu wingu linapita.

Linapita tu. Mwanga wa jua unarudi ardhini, wimbo unakatika, na wanabaki wamesimama mikono ikishuka taratibu.

Feni ya saluni ndiyo ilikuwa inasikika. Nilikuwa namchonga ndevu mwanachuo mmoja, nikajikuta nimesimama na wembe hewani. Dereva alikuwa kwenye benchi na soda yake. Mama yake analima uwele Chamwino, nilikuwa sijui mpaka siku hiyo.

"Rudisha hapo," akasema.

Nikarudisha. Ukaimbwa tena wote, wingu likapita tena. Akasema, "Yale mawingu nayajua. Yanapita hivyohivyo shambani kwa mama. Unaanua nguo, unatega ndoo, halafu hakuna." Akanywa soda. Tulipofika pale Bhuvan anapokubali dau, nikamtazama kwenye kioo. Hakusema kitu kuhusu upumbavu. Alisema, "Angefanyaje sasa?"

Hicho ndicho kipimo changu siku hizi. Zikate nyimbo za muvi, uone. Muvi ikibaki imesimama, basi wasiopenda wana haki, nyimbo zilikuwa urembo. Lagaan ukiikata inabaki habari ya kijana mbishi na mchezo usioeleweka. Njaa ya kile kijiji haielezwi kwa mazungumzo popote kama inavyoelezwa na ule wimbo, na DJ wetu alikuwa ameifuta njaa yote ili muvi iwe fupi.

Ubaya wake: ni ndefu, ilinichukua siku tatu za kazi. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, ikabidi nitafsiri mwenyewe mashine ikiwa mkononi, na mteja mmoja alitoka na panki lililopinda kidogo, namwomba radhi. Na kriketi, jamani. Nkuhungu nzima hakuna anayeijua. Lakini wanakijiji wenyewe hawaijui, wanafundishwa, kwa hiyo unafundishwa pamoja nao. Kufikia mechi yenyewe, ambayo inachezwa siku tatu, bodaboda walikuwa wanabishana na refa. Na hapo ndipo faili likakatika. Mechi siku ya pili, kioo kikawa cheusi. Nikampigia dogo, akasema, "Kaka, mimi ndivyo nilivyoipata." Watu kumi na mmoja ndani ya saluni ya viti viwili, na hakuna anayejua nani ameshinda. Mimi nilikuwa najua. Walinitisha, sikusema. Kesho yake nilinunua bando nikaitafuta mwenyewe kwa njia halali, na ndivyo nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo.

Zilizoniangusha nazitaja haraka. Les Misérables ya 2012: waigizaji waliimba moja kwa moja mbele ya kamera, hawakuingiza sauti baadaye, na Anne Hathaway akilia na kuimba kamera ikiwa usoni kwake tu ni kitu cha kuona. Lakini wanaimba karibu kila neno kwa zaidi ya saa mbili na nusu, na mwanachuo akaniuliza kwa upole, "Hawa hawapumziki?" Singin' in the Rain ya 1952, yeyote anayenishauri ananitajia hiyo. Jamaa anayekimbia ukutani na kupinduka kichwa chini miguu juu, Donald O'Connor, alipigiwa makofi. Mwenyewe Gene Kelly alipofunga mwavuli akaloa kwa raha zake, mzee wa Kongwa akasema huyo lazima ni mkulima. Lakini katikati kuna dansi ndefu isiyohusiana na chochote, na hapo nikapoteza benchi zima. Kata ile dansi, hutapungukiwa kitu.

Imebaki moja, na sikutegemea imshike mtu yeyote. Ni ya Kifaransa, Les Parapluies de Cherbourg, ya mwongozaji Jacques Demy, mwaka 1964. Hakuna neno hata moja lisiloimbwa. Hata salamu. Hata bei ya mwavuli. Kwa kanuni zangu zote hiyo si ya kumpa anayeanza. Niliiweka Jumapili jioni kwa ajili yangu mwenyewe, saluni imefungwa nusu mlango, nikiwa napiga deki.

Inaanza gereji. Mafundi wanamaliza kazi, wananawa mikono, wanaulizana nani anakwenda wapi usiku. Guy, ndiye kijana wetu, anasema anakwenda opera. Mwenzake anajibu kwamba yeye hawezi, watu wote wale wanaoimba wanamtia maumivu, bora sinema. Na analisema hilo kwa kuimba.

Fundi wa gereji ya jirani alikuwa amechungulia kuniomba maji. Nikamtafsiria. "Huyo ni mimi," akasema, akaingia, akasimama mlangoni na dumu lake. Guy anaitwa jeshini, anapelekwa vita ya Algeria. Mpenzi wake Geneviève anabaki na mimba, barua zinachelewa, kuna tajiri mpole anayeuza vito. Fundi akakaa kwenye kiti cha pili. Hakuuliza kwa nini wanaimba. Mara mbili aliuliza barua imefika au haijafika.

Mwisho wake ni kituo cha mafuta, usiku, theluji inaanguka. Guy sasa ndiye mwenye kituo, ana mke na mtoto. Gari jeusi la kifahari linaingia, na aliye kwenye usukani ni Geneviève, na binti yake pembeni. Wanaongea kidogo ofisini. Kijana wa pampu anataka kujua, kwa kuimba vilevile, aweke mafuta ya supa au ya kawaida.

"Gari kama lile haulizwi," fundi akasema. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo. "Lile ni supa."

Akainuka, akachukua dumu lake, akaweka 3,000 kwenye meza ya mashine, akatoka. Maji alisahau kuchota. Na nilikuwa sijamnyoa.